Kabla ya Kuuziwa Shoki, Lipia Gari Ipimwe

Wasee, leo wacha niwakosanishe na mafundi wenu. Halafu nikimaliza na wao, niwakosanishe na nyinyi wenyewe.

Kuna dawa moja Kenya hii ambayo inatibu kila ugonjwa wa nyuma ya gari. Gari ikigonga ukipita kwa tuta, dawa ni shoki. Ikiyumba ukipitwa na lori kwa barabara ya Mombasa, shoki. Ikila tairi za nyuma upande wa ndani, shoki. Ikitikisa makalio kwa kona, shoki. Hata usukani ukikaa upande na barabara imenyooka kama rula, hutakosa fundi wa kukuambia, "Mkubwa, hizi shoki zimekwisha." Sasa hizi ni shoki ama ni Panadol?

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu utawachoma. Pesa nyingi tunazomwaga gereji haziliwi na bei ya spea. Zinaliwa na kubahatisha. Na kubahatisha hakutaisha mpaka tukubali kulipia kazi ya kutafuta ugonjwa, kando na kazi ya kufunga spea. Sisi tunalipa mkono, jicho hatutaki kulilipa. Na hakuna mahali tabia hii inatuumiza kama nyuma ya gari, kwa sababu huko hatuoni, hatushiki chochote, na wengi wetu tunaamini kazi ya nyuma ni kubeba watoto na gunia la viazi la kutoka Kinangop.

Tuanze hapo. Magurudumu ya mbele yanasema unataka kwenda wapi. Ya nyuma ndiyo yanaamua kama utafika. Mbele ikiteleza kwa kona, gari inakataa kugeuka, na ukitoa mguu kwa mafuta pole pole mara nyingi inarudi kukusikiliza. Nyuma ikiteleza, gari inazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wala mazoezi ya kuirudisha. Sheria inaruhusu gari ndogo kwenda 110 kwa saa kwa barabara kuu. Kwa mwendo huo unakata zaidi ya mita 30 kila sekunde. Fikiria nyuma ya gari yako ina maoni yake binafsi kuhusu barabara, na trela linakuja mbele.

Sasa turudi kwa fundi. Unamwambia gari inayumba. Anaenda nyuma, anaweka mikono miwili kwa buti, anabonyeza mara mbili, anaachilia. Gari inapanda, inashuka. Anatikisa kichwa kama daktari wa sinema. "Shoki." Hiyo ndiyo ekisirei yetu ya taifa.

Mtihani wa kubonyeza buti una maana moja tu. Kama gari inaendelea kucheza juu chini baada ya kuachiliwa, shoki imekufa kabisa. Basi. Hauwezi kukuambia kama shoki imechoka nusu. Hauwezi kukuambia kama bushi imepasuka, springi imevunjika chini, beringi imelegea, ama ekseli imesonga. Wewe unabonyeza juu chini, lakini gari kwa barabara inavutwa pia mbele na nyuma, kushoto na kulia. Hizo nguvu zingine shoki hata si kazi yake kuzizuia.

Naomba hili lieleweke, kwa sababu ndipo tunaibiwa. Uzito wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shoki ni kuzuia hiyo springi isiendelee kucheza baada ya shimo, ili tairi ibaki imegusa lami. Anayeshikilia gurudumu lielekee mahali panapofaa ni vyuma vya chini, na vile vyuma vinashikana na bodi kupitia bushi, yaani mipira iliyobanwa ndani ya pete za chuma. Kwa hivyo gari ikiwa inaelea na kudundadunda baada ya kila tuta, ndiyo, shuku shoki. Lakini gari ikiwa inajipeleka yenyewe upande, inachelewa kufuata usukani, ama inagonga "tk" ukifunga breki, unamsingizia mtu ambaye hakuwepo.

Jirani yangu anaendesha teksi ya mtandaoni, kigari kidogo cha Japani. Kama vigari vingi vya aina hiyo, nyuma kina bimu: chuma kimoja kizima kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na bimu hiyo inashikwa na bodi kwa bushi mbili kubwa mbele yake. Gari ikaanza ujinga. Akibadilisha leni Waiyaki Way, mbele inaingia, halafu nyuma inafuata ikiwa imechelewa, kama mkia. Gereji ya kwanza wakamfunga shoki mbili za nyuma. Ya pili wakamfanyia alainimenti ya mbele. Ya tatu wakaanza kumwambia habari ya raki ya usukani. Hizo siku zote gari imelala, mwenye gari anataka hesabu yake jioni, na jamaa ana mtoto wa PP2 nyumbani.

Gereji ya nne alipata mzee mmoja aliyemwambia kabla ya kugusa chochote, "Kuangalia ni elfu moja na mia tano, hata nisipopata kitu." Jamaa karibu aondoke. Bahati nzuri alibaki. Mzee akapandisha gari kwa ngazi za chuma, ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake, akaingia chini na chuma kirefu na tochi, akaanza kusukuma bimu mahali inaposhikwa na bodi. Bushi ya kushoto ilikuwa imepasuka, mpira umeachana na chuma. Haikumchukua nusu saa. Mafundi watatu walikuwa wamepita chini ya ile gari, na hakuna hata mmoja aliyeigusa ile bushi.

Hapa ndipo nawageukia nyinyi. Kwa nini hawakuigusa? Wavivu? Wezi? Wengine ndiyo. Lakini wengi ni watu wanaofanya hesabu. Fundi wa Kenya akitumia saa moja chini ya gari yako na akuambie, "Hii gari haina shida, tairi tu hazina upepo," utamlipa ngapi? Utamwambia, "Asante boss, Mungu akubariki," na utawasha gari. Akikuambia shoki, anapata pesa ya kufunga, na pengine kitu kidogo kutoka kwa duka la spea Kirinyaga Road. Tumemwekea mtu soko ambalo linamlipa akikosea na kumnyima akisema ukweli, halafu tunashangaa hasemi ukweli. Ukienda kliniki unalipa kumwona daktari kabla hujajua kama kuna dawa. Lakini gereji tunataka ushauri uwe wa bure na lawama ziwe za fundi.

Najua mtaniambia, "Acha hizo, shida ni barabara." Ni kweli, barabara zetu zinaua magari. Matuta mengine yamejengwa kama kaburi. Lakini barabara mbovu ni sababu ya kupima zaidi, si ruhusa ya kubahatisha. Na kuna kitu tunasahau. Sheria ya kuingiza magari inakubali gari isiyozidi miaka minane. Kwa hivyo hiyo gari "mpya" uliyochukua Mombasa huenda ina miaka saba. Mita ya kilomita inaweza kusoma kidogo, lakini mpira hausomi kilomita peke yake. Mpira unazeeka kwa miaka, kwa joto na kwa mafuta yanayoudondokea. Halafu unauletea matuta ya Kenya. Bushi zinapaswa kuwa za kwanza kushukiwa, na sisi tunazikumbuka mwisho.

Mwingine atasema, "Fundi wangu ana miaka ishirini kwa hii kazi, anasikiliza tu sauti anajua." Sawa. Uzoefu ni mali, na yule mzee wa bushi alikuwa nao. Lakini angalia alichofanya nao: aliingia chini, akasukuma chuma, akaonyesha. Uzoefu wa kweli unakuonyesha kitu kwa tochi. Ule mwingine unakwambia tu uamini.

Basi gari ikisumbua nyuma, ipimwe vipi? Nawapa mpangilio, na mtaona unaanza na vitu vya bure.

Kwanza upepo. Pima tairi zikiwa baridi, na ufuate kibandiko kilicho kwa nguzo ya mlango wa dereva, si kile kijana wa kituo cha mafuta anachojazia kila gari inayopita. Tairi ya nyuma yenye upepo mdogo inaifanya gari iyumbe vile vile kama gari iliyoharibika. Mtu anaweza kununua shoki mbili kwa sababu ya upepo.

Pili tairi zenyewe. Zisome kwa mkono, zinaongea. Pitisha kiganja juu ya mpira. Ukihisi mabonde mabonde, hapo shoki iliyochoka ama balansi mbaya ni washukiwa halali. Ukihisi laini ukienda upande mmoja na inakwaruza ukirudi, magurudumu hayaelekei sawa. Ikiwa imelika upande wa ndani peke yake, gurudumu limelala ama limegeuka, na shoki mpya haitainyoosha. Angalia pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Na kama una tairi mbili nzuri na mbili zilizoisha, zile nzuri ziende nyuma. Najua umefundishwa mbele. Umefundishwa vibaya. Mvua ikinyesha, nyuma ndiyo hutaki iteleze.

Tatu, urefu. Chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, gari ikiwa mahali tambarare. Upande mmoja ukiwa chini waziwazi, tafuta springi iliyolegea ama iliyovunjika. Springi hupenda kukatika ule mzunguko wa chini kabisa, umejificha ndani ya kikalio chake, na mtu anayetazama kwa haraka anaona springi nzima.

Nne, beringi. Inua gurudumu, likamate juu na chini, litikise. Likicheza, tafuta kwa nini. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na kubadilika ukiingia kona, mara nyingi ni beringi. Shoki haivumi.

Tano, bushi na vyuma. Na hapa gari isiachwe ikining'inia kwa jeki peke yake, kwa sababu bushi iliyopasuka inaweza kujificha vyuma vikining'inia. Gari iwe imekalia magurudumu yake, fundi asukume kwa chuma, wewe uangalie. Kwa pikapu na matatu za springi za majani, angalia yuboliti na ile bolti ya katikati. Ikikatika, ekseli inasonga. Umewahi kufuata pikapu ya miraa ama ya mboga inayoenda kama kaa, uko nyuma yake na unaona ubavu wake mmoja? Hiyo ndiyo hiyo. Dereva wake anashikilia usukani upande siku nzima akidhani ni barabara.

Sita, sasa ndiyo shoki. Angalia kama mafuta yanatiririka kutoka kwayo, kama mguu wake umepinda, kama mipira yake ya kushikia imekwisha. Ukibadilisha, badilisha mbili za ekseli moja. Sijasema shoki haziishi. Zinaisha, na zikiisha gari inachukua muda mrefu kusimama na tairi inaruka badala ya kushika lami. Ninachosema ni zisubiri zamu yao kwa laini.

Saba na mwisho, alainimenti ya magurudumu manne. Manne. Gereji nyingi zinakuuzia ya mbele tu na kuiita alainimenti. Magurudumu ya nyuma yakielekea kulia kidogo, yanasukuma mkia wa gari kulia, pua inageuka kushoto, na wewe unashika usukani kulia ili uende mbele. Ukirekebisha mbele peke yake, umefundisha mbele kuishi na uongo wa nyuma. Dai karatasi, ya kabla na ya baada, na usome mistari ya nyuma. Kwa gari nyingi zenye bimu hakuna bolti ya kurekebisha huko nyuma. Kwa hivyo namba zikiwa nje, hiyo karatasi inakuambia kuna kitu kimepinda ama kimechakaa. Fundi akikwambia, "Nyuma hairekebishiki, wacha tu," ameacha kazi pale inapoanzia.

Kuna mambo mawili bado yananikera.

La kwanza ni kukaza bushi mpya gari ikiwa hewani. Bushi nyingi mpira wake umegandishwa kwa chuma; hauzunguki, unajinyonga tu. Ukikaza nati magurudumu yakiwa yananing'inia, siku gari inaposhuka chini mpira tayari umeshanyongwa, na unabaki umenyongwa hata gari ikiwa imepaki. Baada ya muda mfupi unapasuka, halafu tunasema, "Spea za siku hizi ni feki." Feki zipo, tena tele. Lakini bushi ya asili ikifungwa vibaya inakufa pia. Nati ya mwisho ikazwe gari ikiwa imekalia magurudumu. Ukitaka kujua fundi wako ni nani, muulize swali hilo tu.

La pili ni huu mtindo wa kuinua gari kwa spesa na mipira ya kuchomeka kwa springi ili ipite kwa matuta. Naelewa, tumbo la gari likikwangua roho inauma. Lakini ukiinua gari umebadilisha pembe ambazo vyuma vyote vya chini vilitengenezewa, umeivuta shoki karibu na mwisho wake, na umepandisha uzito juu zaidi, kwa gari ambayo bado utaipeleka 110. Kama lazima uinue, basi alainimenti ya magurudumu manne si hiari, na mwendo wako wa kona upungue. Anayekuinulia gari bila kukuambia hayo amekuuzia nusu ya habari.

Nimesikia wakisema hii ni mambo ya wenye pesa, kwamba mtu wa kawaida hawezi kulipia "kuangalia tu." Mimi naona kinyume. Mwenye pesa ndiye anaweza kubahatisha: shoki leo, raki kesho, na kesho kutwa anauza gari. Ni yule wa teksi, mwalimu mwenye mkopo wa sacco, mama anayepeleka nguo soko la Karatina kwa pikapu, ndio hawawezi kununua spea tatu ili kugundua ya nne. Kwao pesa ya kupima ndiyo bei rahisi kuliko zote.

Kwa hivyo ukiingia gereji wiki hii na gari inayumba, usiseme, "Nibadilishie shoki." Wewe si daktari wa hiyo gari, na ukishamwandikia fundi dawa atakupa tu ulichoagiza. Eleza dalili: inayumba wapi, kwa mwendo gani, ukiwa umebeba ama gari ikiwa tupu, ukifunga breki ama ukikata kona. Kisha uliza, "Kuipima tu ni pesa ngapi?" Kubalianeni. Lipa hata kama jibu ni upepo wa tairi. Mwambie akuonyeshe kilichoharibika kikiwa bado kwa gari, na spea ya zamani urudi nayo nyumbani.

Na wewe fundi unayesoma hii, nakujua upo: weka bei ya kupima ukutani, iandike kwa rangi. Wateja wachache watakutoroka mwanzoni. Wale watakaobaki ndio utawaona tena, na watakuja na ndugu zao.